Shokapu Haifyonzi Mshtuko: Uhakiki wa Istilahi za Kushusha Gari

Istilahi ya ufundi ina kazi mbili: kutaja kitu na kudokeza kazi yake. Ikitaja bila kudokeza, hasara ni ndogo. Ikidokeza uongo, hasara yaweza kumfika mtu ambaye hajapata kufungua kamusi. Makala haya yanayapima kwa kipimo hicho maneno yahusuyo kushusha gari, yaani kupunguza kimo chake kutoka ardhini, hasa pale mwenye gari anapotafuta njia ya bei nafuu.

Tuanze na kushusha lenyewe. Gerejini neno hili halina utata, kwa kuwa msemaji na msikilizaji wamesimama mbele ya gari. Katika taarifa ya ukaguzi hali ni nyingine: "gari limeshushwa" yaweza kumaanisha kwamba limeondolewa juu ya jeki, au limeteremshwa kutoka melini. Mtumishi aandikaye taarifa hana budi kusema "kimo cha gari kimepunguzwa", kisha aeleze kimepunguzwaje: kwa kufunga springi fupi zilizotengenezwa kwa ajili hiyo, au kwa kukata zile za awali.

Tofauti hiyo si ndogo. Springi ya koili iliyokatwa pete moja au mbili huwa fupi, tena huwa ngumu zaidi, na ncha yake huenda isikae vyema mahali pake. Iliyopashwa moto wa gesi ili inywee hupoteza uimara wa chuma chake na kuendelea kulala. Njia zote mbili ni nafuu kwa mfuko siku ya kwanza tu.

Hapa ndipo jina la shokapu linapoleta madhara. Mfasiri afuataye Kiingereza neno kwa neno huandika "kifyonza-mshtuko", naye hurithi kosa lililokuwamo tangu asili. Mshtuko wa shimo hupokewa na tairi na springi. Shokapu hulazimisha mafuta kupita katika vitundu vidogo, ikageuza mwendo wa springi kuwa joto na kuizuia isiendelee kudunda. Mwanafunzi aliyefundishwa "kifyonza-mshtuko" ana haki ya kudhani kwamba springi yaweza kukatwa maadamu kifyonzaji kipo. Kumbe amepunguza nafasi ya springi kubonyea. Shimo likiwa kubwa, chuma hugonga chuma, na dereva aweza kushindwa kuliongoza gari.

Tuipeleke istilahi hiyo Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, kwenye njia za udongo ziendazo vijijini, ambako mvua huchimba makorongo. Huko kila sentimita ya kimo ina thamani. Nachingwea, iliyokuwa moja ya sehemu za Mpango wa Karanga wa serikali ya Uingereza ulioanza mwaka 1947, haihitaji kukumbushwa gharama ya kuleta mitambo bila kuisoma ardhi: mpango huo uliachwa mwaka 1951 baada ya kugharimu takriban pauni milioni 36.

Dawa imo katika lugha ya mafundi wenyewe. Shokapu inapokufa, fundi husema, "Gari linadunda." Hasemi kwamba mshtuko haukufyonzwa. Katika kauli hiyo fupi kazi ya kifaa imekwisha elezwa kwa usahihi. Kwa hiyo tunapendekeza kituliza-mdundo kwa vitabu vya kufundishia, na shokapu iachwe iendelee na kazi yake gerejini na katika maduka ya vipuri, ambako kila mtu anaielewa.

Iwapo pendekezo hili halitakubaliwa, basi shokapu liandikwe hata vitabuni. Neno hilo ni la kukopa na halidokezi chochote kwa Mswahili. Lakini ni heri jina lililonyamaza kuliko jina linalomdanganya fundi mwenye msumeno mkononi.