Mwalimu Asiyesahihishwa

Kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili, mwaka huu nimesoma hadithi nyingi za Wazungu waliokwenda nchi za mbali kufundisha Kiingereza kwa kujitolea. Zinafanana mno. Basi linaharibika njiani, watoto wanacheka, ubao umepasuka, kisha machozi ya kuagana. Binyavanga Wainaina aliwadhihaki waandishi wa namna hiyo mwaka 2005 katika makala yake "How to Write About Africa", na sina la kuongeza kwenye kejeli yake.

Mimi nina swali moja tu ninaloliuliza kila kitabu: humu ndani, nani anamsahihisha mwalimu?

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni wa kujitolea hupewa chaki siku ya kwanza, na katika hadithi nyingi hakuna anayethubutu kumpa jembe. Anafundisha, anahurumia, anaondoka.

River Town cha Peter Hessler, kilichotoka mwaka 2001, ni tofauti. Hessler alipelekwa na Peace Corps kufundisha fasihi ya Kiingereza katika chuo cha ualimu mjini Fuling, China, kuanzia 1996 hadi 1998. Kurasa za Shakespeare darasani zinapendeza, lakini kitabu kinasimama pale anapoketi yeye kama mwanafunzi, na mwalimu wake wa Kichina anamkatiza tena na tena kwa neno moja, "budui", yaani umekosea. Msomaji anaanza kumwamini kwa sababu amemwona akikosolewa. Hata hivyo kalamu ni yake: wanafunzi wake tunawasikia kupitia insha alizozichagua mwenyewe.

Ningeweza kuishia hapo, nikiwacheka Wazungu. Yaeda Chini inanizuia.

Kijiji hicho kipo Mbulu, mkoani Manyara, katika bonde wanamoishi Wahadzabe, Wadatoga na Wairaqw. Mtoto wa Kihadzabe hukua na lugha ya vidoko ambayo wanaisimu hawajathibitisha undugu wake na lugha nyingine yoyote. Shule ya msingi ya serikali inampokea kwa Kiswahili; akifika sekondari, masomo yanageuka kuwa ya Kiingereza. Kwa hiyo mgeni wa kwanza anayemkuta darasani si Mzungu. Ni mwalimu kutoka Moshi au Singida, anayefundisha kwa lugha hii hii ninayoiandikia.

Katikati ya miaka ya 1960 serikali ilijaribu kuwakusanya Wahadzabe katika makazi ya Yaeda Chini, walime na wasomeshe watoto. Wengi hawakukaa, walirudi porini. Habari za jaribio lile nimezisoma kwa watafiti kutoka nje, James Woodburn na Frank Marlowe. Mwalimu aliyesimama mbele ya watoto wale sijamsoma popote, na mtoto aliyekuwa kwenye dawati simsikii kabisa.

Ndiyo maana kejeli zetu dhidi ya vitabu vya Wazungu naziona nyepesi. Tunajua kumhakiki mgeni anayekuja na Kiingereza, ila mgeni anayekuja na Kiswahili tunamwita mwalimu tu, kana kwamba yeye yupo nyumbani kila mahali.

Kitabu ninachokitamani kingeandikwa kwa Kiswahili na mwalimu aliyepangiwa kazi bonde lile. Kingeanza na daftari la mahudhurio. Jina la mtoto likiwa na kidoko, analiandikaje, wakati alfabeti yetu haina herufi yake? Analifupisha? Anampa jina jipya ili kazi iende? Au anamwita mbele mtoto wa miaka saba, analitamka, anakosea, na anasubiri kusahihishwa mbele ya darasa zima?