Watawa Wapiganaji na Wachawi: Nani Asimulie Usiku wa Brendok?

Mgogoro wa The Acolyte, mchezo wa televisheni wa sehemu 8 ulioundwa na Leslye Headland na kuonyeshwa mwaka 2024, ni mkongwe ingawa umevikwa mavazi ya anga za mbali. Upande mmoja wamo Jedi, watawa wapiganao kwa panga za nuru, waliokatazwa kuoa. Upande wa pili wamo wanawake wa sayari ya Brendok, wachawi wakiongozwa na Mama Aniseya, wanaowalea mapacha Osha na Mae. Nguvu wanayoitegemea ni moja. Wanawake huiita Uzi, nao watawa wana jina lao.

Kwa msikilizaji wa Kiirua, katika nchi ya Imenti, mgawanyiko huo haungekubalika upesi. Mugwe wa Wameru, ambaye padri Bernardo Bernardi wa Shirika la Consolata alimwandikia kitabu mwaka 1959, alibeba uwezo wake katika mkono wa kushoto. Kwa Waimenti mkono huo ulifunikwa, usionwe na watu, nao ndio uliobariki. Rodney Needham aliuchukua mwaka 1960 akaupanga katika safu mbili za vinyume, safu nadhifu kuliko maisha pengine. Lakini jambo moja lasimama: cha kutisha na cha kubariki vilikaa katika kiganja kimoja. Vijana nao walikaa katika gaaru, nyumba ya wapiganaji, wakisubiri wakati wao wa kuoa. Hata hivyo mashauri mazito yalikuwa ya wazee wa Njuri Ncheke. Jedi ni mwana wa gaaru aliyejitwalia kiti cha mzee: hupigana, hupeleleza, huhukumu.

Ubora wa kazi hii umo katika fani. Usiku mmoja unasimuliwa mara mbili. Katika sehemu ya 3 mtazamaji huuona zaidi kwa macho ya Osha, mtoto atakaye kuondoka na watawa. Moto umewashwa na dada yake, na wanawake wote wamekufa. Katika sehemu ya 7 tunarudishwa pale pale pamoja na watawa. Mtawa Sol anamchoma Aniseya, naye akifa anaeleza kwamba alikuwa tayari kumwachilia mtoto. Kisha watawa wanapatana kuficha ukweli, na lawama yote inaachwa juu ya Mae, aliyekuwa mtoto mdogo.

Hapa ndipo udhaifu unapoanza. Masimulizi ya pili, yanayotazamiwa kusahihisha ya kwanza, nayo yanaegemea kwa wauaji. Majuto ya Sol yamechorwa kwa upole mwingi; Aniseya anapewa hotuba chache nzuri, hapewi usiku wake. Historia ya Kenya inao mfano. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 ilimwadhibu ajidaiye kuwa na uchawi, ikamwadhibu pia amwitaye mwenzake mchawi pasipo kumpelekea shauri ofisa au chifu. Tangu hapo neno “murogi” liliingia katika majalada kwa kalamu ya karani, mara nyingi kupitia kwa mkalimani, na mshtakiwa akabaki jina tu.

Mama Koril, mzazi wa pili wa mapacha, anatoweka vitani bila maiti yake kuonyeshwa. Pengine msanii alimweka akiba kwa masimulizi ya tatu. Mwezi Agosti 2024 ilitangazwa kwamba mchezo hautaendelea.