Liyongo Kisimani

Wahakiki wengi wameshughulika mno na swali la lini Fumo Liyongo aliishi, na kama kaburi lionyeshwalo Ozi ni lake kweli. Swali hilo ni la haki, lakini halielezi kwa nini shujaa huyu angali akiwashika wasikilizaji. Katika utenzi wa Muhammad Kijumwa wa mwaka 1913, si nguvu zinazomtenga na mashujaa wengine. Majitu yapo katika kila fasihi. Kinachomtenga ni kisima. Mwanawe amekwisha kumchoma kitovuni kwa sindano ya shaba. Amepiga goti, mshale umo upindeni, naye amekufa. Mji mzima unakosa maji kwa kuiogopa maiti, hata mama mzazi anaombwa aende kumsihi. Hapo utenzi hausimulii tena ushujaa wa mtu, bali woga wa wale waliomtakia kifo.