Kopa Bila Neno: Uhakiki wa Karata za Taroti Zihusuzo Mapenzi

Mchezaji yeyote wa karata katika mwambao wetu, awe Lamu, Tanga au Unguja, huyataja mafungu manne ya karata kwa majina ambayo huenda hajawahi kuyachunguza: kopa, shupaza, uru na pau. Majina hayo tuliyapata kwa Wareno, pamoja na neno lenyewe karata. Kwao copas ni vikombe, espadas ni panga, ouros ni dhahabu, na paus ni marungu. Mtu akishika karata za dukani leo haoni kikombe chochote. Aonacho ni moyo mwekundu, kwa kuwa karata zilizoenea duniani zilifuata michoro ya Kifaransa, ambayo ina mioyo mahali ambapo Wareno, Wahispania na Waitalia waliweka vikombe. Picha ilibadilika, jina likabaki. Ndiyo maana Mswahili akiuita mchoro wa moyo "kopa", anaunganisha mapenzi na kikombe pasipo kujua.

Tumeanza na jambo hili dogo la lugha kwa sababu wachungaji wenzetu wengi huzungumza juu ya karata za taroti kana kwamba zimetoka sayari nyingine. Sivyo. Mafungu yake manne ni yaleyale tunayoyataja kila siku, na fungu linalosemwa kuwa la mapenzi na hisia ni lile la vikombe, yaani kopa. Vijana wa sharika zetu sasa hukutana nazo katika simu zao za mkononi, ambamo mtu asiyemjua huwaeleza, kwa karata tatu au kumi, kama mchumba atarudi au hatarudi. Mchungaji anayeulizwa habari hizo hana budi kujua anazungumzia nini. Kuzikemea tu bila kuzitazama ni njia rahisi, nasi hatuifuati hapa.

Historia yake ni fupi kuliko wapiga ramli wake wanavyodai. Taroti ilizaliwa Italia ya kaskazini katika nusu ya kwanza ya karne ya 15, ikiwa mchezo wa watu wa ikulu. Seti kamili ina karata 78: 56 za mafungu manne, na 22 kuu zenye picha kama vile Upendo, Kifo, Ibilisi na Hukumu. Katika moja ya seti za kale kabisa, iliyochorwa kwa ajili ya ukoo wa Visconti wa Milano na ambayo sasa imehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Yale, karata ya Upendo inaonyesha mwanamume na mwanamke wakishikana mikono chini ya hema, huku Kupido aliyefungwa macho akiwa juu yao. Ni picha ya arusi, wala haikuchorwa kwa ajili ya kuagua. Hata mtawa mmoja wa Italia aliyehubiri dhidi ya karata hizo mwishoni mwa karne hiyohiyo, na kuziorodhesha moja baada ya moja, alilalamikia kamari, na kuchukizwa kwamba Papa na malaika wametiwa katika mchezo. Juu ya uaguzi hakusema neno.

Uaguzi ulikuja zaidi ya miaka 300 baadaye. Mwaka 1781 Antoine Court de Gébelin, mwana wa mchungaji Mprotestanti wa Kifaransa (jambo hili tunalitaja kwa huzuni kidogo), aliandika kwamba taroti ni kitabu cha hekima cha makuhani wa Misri ya kale. Wakati huo hakuna mtu duniani aliyeweza kusoma maandishi ya Misri. Champollion alianza kuyafumbua mwaka 1822. Mnamo 1785 mwenzake wa Paris, Jean-Baptiste Alliette, aliyejiita Etteilla, akatoa kitabu cha kufundisha watu kuagua kwa karata hizo. Mwanafalsafa Mwingereza Michael Dummett, Mkatoliki, alilichambua suala hili lote katika kitabu chake cha mwaka 1980, na baada yake dai la Misri halina tena mtetezi makini.

Seti ambayo karibu kila mtu huiona siku hizi ilitolewa London mwaka 1909 na kampuni ya William Rider. Mwenye wazo alikuwa Arthur Edward Waite, mtu aliyelelewa katika Kanisa Katoliki kisha akaingia katika vyama vya siri. Mchoraji alikuwa Pamela Colman Smith, mzaliwa wa London aliyewahi kuishi Jamaika na kusomea sanaa Brooklyn. Kwa miaka mingi seti hiyo iliitwa kwa jina la mchapishaji na la Waite, na jina la mwanamke aliyeichora likaachwa. Katika barua yake ya mwaka 1909 alisema kwamba kazi ilikuwa kubwa na malipo madogo. Mwaka 1911 alipokelewa katika Kanisa Katoliki, na alikufa Bude, Cornwall, mwaka 1951, akiwa maskini. Kwa maoni yetu, kila kilicho hai katika karata hizo ni chake.

Na tuitazame Ree ya Vikombe. Mkono unatoka winguni umeshika kikombe cha ibada. Maji yanabubujika kutoka humo na kuangukia ziwa lenye mayungiyungi. Njiwa anashuka kutoka juu, na mdomoni mwake ana mkate mwembamba wa ushirika wenye alama ya msalaba. Mchungaji yeyote wa Kilutheri atashtuka, kwa maana amekutana na Meza ya Bwana mahali asipoitarajia. Waite katika kitabu chake anataja mikondo minne ya maji. Smith amechora mitano, nasi twaona kwamba mkono wa mchoraji ulikuwa karibu na mapokeo ya majeraha matano ya Bwana kuliko kalamu ya mwandishi. Lakini karata hii inaposomwa mezani pa mwaguzi, maana yake huwa "penzi jipya linakuja" au "moyo wako umejaa". Augustino alifundisha, na Luther akalirudia fundisho hilo katika Katekisimo Kubwa, kwamba kitu huwa sakramenti kinapojiwa na Neno. Hapa kikombe kipo, mkate upo, njiwa yupo. Neno halipo. Hakuna anayesema kikombe hiki kimetolewa kwa ajili ya nani, na nani amejitoa. Kwa sababu hiyo kikombe kiko tayari kujazwa matamanio ya yeyote aliyekaa mbele yake.

Karata ya Wapendanao, ya 6 kati ya zile kuu, ni kazi ya kithiolojia zaidi. Michoro ya zamani ya Ufaransa ilimweka kijana kati ya wanawake wawili, naye Kupido akimlenga mshale. Ilikuwa karata ya kuchagua. Waite aliiondoa picha hiyo, akaweka Edeni: mwanamume na mwanamke wako uchi chini ya malaika mkubwa, nyuma ya mwanamke mti wenye nyoka, nyuma ya mwanamume mti wenye miali ya moto. Mwanamume anamtazama mwanamke, mwanamke anamtazama malaika. Waite alitaka tuone upendo kabla haujatiwa doa. Ni nia njema, ila hatukubaliani na mpangilio. Katika Mwanzo 2 Adamu anafungua kinywa chake na kusema juu ya mwenzake. Tena hakuna malaika wa kupokea macho ya mwanamke kwa niaba ya mumewe. Katika mchoro huu hakuna anayesema na mwenzake, na njia ya mwanamume kwenda kwa Mungu inapitia machoni pa mke. Wanafunzi wanaolijua fundisho la Matengenezo juu ya ndoa wataona tatizo mara moja.

Hata hivyo, tukiiweka karata hiyo kando ya ile ya 15, yaani Ibilisi, hatuna budi kumsifu Smith. Ni watu walewale wawili, wamesimama vilevile, lakini malaika ameondoka na Ibilisi ameketi mahali pake, na shingoni wamefungwa minyororo. Minyororo hiyo imelegea kiasi kwamba wangeweza kuivua kwa mikono yao. Hawaivui. Tumewahi kusikia mahubiri marefu juu ya utumwa wa nia yaliyosema machache kuliko picha hiyo.

Panga Tatu ndiyo karata inayoogopwa kuliko zote na wenye huzuni ya mapenzi: moyo mwekundu umechomwa na panga tatu, nyuma yake mawingu na mvua. Inafanana sana na karata moja ya Italia ya mwishoni mwa karne ya 15, katika seti iitwayo Sola-Busca. Waite hakuona haja ya kuieleza kwa urefu, na ni kweli kwamba inajieleza. Msomaji wa Luka 2:35 atamkumbuka Simeoni na upanga wa nafsi ya Mariamu. Lakini Simeoni alisema na mama mwenye jina, Mtoto akiwa mbele yao. Moyo wa Smith unaning'inia hewani, hauna mwenyewe.

Nyingine tutazipitia upesi. Katika Vikombe Viwili kijana na msichana wanapeana ahadi. Vikombe Vinane vina mtu anayeviacha vyote na kupanda mlima usiku. Katika Vikombe Kumi mume na mke wanainua mikono kuelekea upinde wa mvua, na watoto wawili wanacheza. Upinde ni wa Mwanzo 9, ila vikombe vyote kumi viko mbinguni, na hakuna hata kimoja ambacho familia hiyo ingeweza kunywea. Vikombe Vitano ni bora zaidi kati ya hizi: mtu mwenye joho jeusi anavitazama vikombe vitatu vilivyomwagika, viwili vimesimama nyuma yake, na mbele kuna daraja. Mchungaji aliyekaa na mjane atakubali kwamba mchoraji alijua huzuni ilivyo. Kisha mtu akifungua kitabu cha Waite kutafuta maana, anaambiwa kwamba ni hasara, ni urithi, na kwa wengine ni ndoa yenye uchungu. Orodha kama hizi Waite alizirithi kwa waaguzi wa zamani, akazibandika chini ya picha zisizohusiana nazo. Yeye mwenyewe aliudharau uaguzi, na bado akachapisha namna ya kupanga karata kumi ili kuagua. Kama kazi ya maandishi, kitabu chake kina nia mbili, na msomaji hawezi kuzitii zote.

Sasa tuliseme lile linalotugusa kama wachungaji. Desturi yetu ni kujibu kwa Kumbukumbu la Torati 18, na Katekisimo Ndogo yenyewe inataja uchawi katika amri ya pili. Ni sawa. Wala tusisahau kwamba hata baba zetu hawakuwa na nia moja juu ya mambo ya namna hii: Melanchthon aliithamini elimu ya nyota na kuifundisha Wittenberg, naye Luther akaidhihaki. Lakini kwa habari za mapenzi, twaona kwamba amri inayovunjwa kwanza ni ya nane. Swali linaloletwa kwa karata karibu siku zote ni juu ya mtu ambaye hayupo: je, ananipenda? Ana mwingine? Karata inageuzwa kuwa shahidi dhidi ya jirani ambaye hakuitwa na hawezi kujitetea. Mke anarudi nyumbani akiwa na ushahidi huo moyoni, na mume hajui kwamba ameshahukumiwa. Ramli ya mwambao, bao na falaki zimefanya hivyohivyo miaka mingi, na kila mzee wa usharika anajua nyumba iliyovunjika kwa njia hiyo bila jini lolote kuhusika. Wale wanaoona pepo katika kila karata wanalipita jambo hili, na wale wanaosema ni burudani tu wanalipita vilevile. Anayedhulumiwa ni mtu wa tatu, naye ana jina.

Maandiko yenyewe yanacho kikombe cha uaguzi. Katika Mwanzo 44 kikombe cha fedha cha Yusufu, ambacho msimamizi wake anasema bwana wake hukitumia kuagulia, kinafichwa katika gunia la Benyamini. Wafafanuzi wamebishana kama kweli Yusufu aliagua nacho. Hilo hatuliamui hapa. Linalotuhusu ni kwamba Yusufu alikuwa na swali la mapenzi: je, ndugu zangu hawa, walioniuza mimi, wanampenda huyu mdogo? Alikuwa na kikombe, na kikombe hakikumjibu. Jibu lilitoka kwa Yuda, aliyesogea karibu, akamweleza habari za baba yao mzee, kisha akaomba abaki yeye kuwa mtumwa mahali pa kijana. Ndipo Yusufu aliposhindwa kujizuia, akawatoa watu wote nje, akalia kwa sauti hata Wamisri wakasikia.