Bawaba ya Mlango Usioonekana

Wapita njia husifu nakshi za mlango; seremala hutazama bawaba. Bila bawaba, mlango ni ubao uliosimamishwa ukutani. Hapa nawasifu mafundi walioitafuta bawaba mahali ambapo jicho halifiki, kwenye utando wa seli ya kijidudu.

Kijidudu chenyewe ni Methanothermobacter thermautotrophicus, wa kundi la akea. Hustawi kwenye joto la nyuzi 65 hivi za Selsiasi, hula haidrojeni na kabonidioksidi, na hutoa methani. Utandoni mwake mna tundu la protini linalopitisha potasiamu, na ufunguo wake ni kalsiamu. Wataalamu huliita MthK.

Protini ya namna hii haipigwi picha kirahisi. Jeni yake hupandikizwa kwenye bakteria wa maabara ili waitengeneze kwa wingi. Kisha seli hupasuliwa, na protini ikang'olewa kwenye mafuta ya utando kwa sabuni maalumu. Sabuni ikiwa kali mno, protini huharibika. Isipotosha, protini hugandamana ikawa takataka. Ndipo fundi huweka matone madogo, akabadili chumvi, akabadili joto, akasubiri fuwele. Pengine fuwele hujitokeza, ikipigwa eksirei haionyeshi kitu. Anaanza upya. Subira ndiyo randa yake.

Mwaka 1998 Roderick MacKinnon na wenzake wa Rockefeller University, New York, walionyesha umbo la KcsA, tundu la potasiamu la bakteria Streptomyces lividans. Ndani yake mna kichochoro kilichozungukwa na atomu za oksijeni. Ayoni ya potasiamu huvua maji yake inapoingia humo, nazo oksijeni hizo huipokea kama maji yalivyoikumbatia. Sodiamu ni ndogo zaidi, lakini vipimo vya humo havikukatwa kwa ajili yake.

Mlango wa KcsA, hata hivyo, ulikuwa umefungwa. Mwaka 2002 Youxing Jiang, MacKinnon na wenzao waliotesha fuwele za MthK penye kalsiamu nyingi, wakaukuta mlango uko wazi. Chini ya tundu mna pete ya vipande vinane. Kalsiamu ikitua kwenye mianya yake, pete hutanuka na kuzivuta nguzo nne za ndani, nazo hupindia penye glisini, asidi amino iliyo ndogo kuliko zote. Hiyo ndiyo bawaba.

Uhodari wao uko hapa: hakuna aliyeuona mlango ukifunguka, maana fuwele haitembei. Walikuwa na picha moja ya mlango uliofungwa na nyingine ya ulio wazi, tena za vijidudu viwili tofauti, wakausoma mwendo uliokuwa kati yazo. Mwaka 2020 watafiti wengine, kwa hadubini ya elektroni na sampuli zilizogandishwa, waliionyesha MthK yenyewe ikiwa imefungwa. Wakakuta na jambo jingine: hata mlango ukiwa wazi, ncha ya protini hiyohiyo huweza kuingia na kuziba njia kama kizibo.

Kazi nzuri humwachia fundi ajaye pa kuanzia. Na asidhani mtu kwamba ni habari ya vijidudu tu: kwenye misuli ya mishipa yetu ya damu mna tundu la ukoo huohuo, lenye pete ya vipande vinane, nalo pia huitikia kalsiamu.