"Nunua", "Kubali", "Huduma": Uhakiki wa Msamiati wa Umiliki na Uhuru wa Raia katika Mazingira ya Kidijitali

Ikisiri

Makala hii inahakiki maneno machache ambayo msemaji wa Kiswahili hukutana nayo kila anapotumia simu au kompyuta: nunua, kubali, huduma na mhusika. Hoja kuu ni kwamba maneno haya, yanapohamishiwa katika mazingira ya kidijitali bila uangalifu, huashiria haki ambazo mtumiaji hana, na hivyo huzirahisishia kampuni na dola kuvuka mipaka yake. Mifano inatokana na kufutwa kwa vitabu vya George Orwell mwaka 2009, sheria ya jimbo la California ya mwaka 2024, kesi ya Huduma Namba nchini Kenya, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022. Makala inapendekeza istilahi zinazotokana na dhana za kukodi, kuazima na amana.

1.0 Utangulizi

Mijadala ya istilahi za teknolojia katika Kiswahili imejikita zaidi katika swali la upatikanaji: je, tunalo neno la dhana hii au ile? Juhudi hizo zimezaa matunda. Kiolesura, nywila, kishikwambi na seva ni maneno ambayo mwanafunzi wa leo huyatumia bila kusita. Swali lililopewa nafasi ndogo ni la ukweli: je, neno tulilolipata linasema kweli kuhusu jambo linalolitaja? Istilahi inaweza kuwa sanifu, fupi na yenye kukubalika, na bado ikampotosha anayeitumia.

Swali hili lina uzito wa kisheria. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 (Ibara ya 31) na Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 (Ibara ya 27) zinalinda faragha ya mtu kwa kuitaja pamoja na nyumba yake, mali yake na mawasiliano yake. Mpangilio huo haukutokea kwa bahati. Sehemu kubwa ya uhuru wa raia imejengwa juu ya umiliki: askari anayekitaka kitabu changu hana budi kupita mlangoni pangu, na sheria humsubiri hapo mlangoni kumwuliza hati yake. Ikiwa kitabu si changu wala hakimo nyumbani mwangu, mlango huo haupo. Kwa hiyo neno linalonifanya niamini kwamba kitu ni changu, ilhali sicho, linanificha nisione mahali ambapo uhuru wangu umepungua.

2.0 Vitabu Viwili Vilivyotoweka

Mwezi Julai 2009 kampuni ya Amazon ilifuta riwaya mbili za George Orwell, Animal Farm na Nineteen Eighty-Four, kutoka katika vifaa vya kusomea vya Kindle vya wateja waliokwisha kuzilipia. Msomaji wa Kiswahili anaifahamu ya kwanza kwa jina la Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere iliyochapishwa Nairobi mwaka 1967. Sababu iliyotolewa ni kwamba aliyeziweka sokoni hakuwa na haki ya kuziuza nchini Marekani. Wateja walirudishiwa fedha zao. Jeff Bezos aliomba radhi hadharani mwezi huohuo.

Wahakiki wengi walivutiwa na kejeli ya tukio hilo, kwa kuwa Nineteen Eighty-Four inahusu utawala unaofuta kumbukumbu za maandishi. Kejeli hiyo ipo, lakini kuna jambo jingine lenye uzito zaidi. Baada ya kushtakiwa, kampuni ilifikia mapatano ambamo iliahidi kutofuta tena vitabu katika vifaa vya wateja wake wa Marekani isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Mojawapo ya hali hizo ni pale mahakama au mamlaka ya udhibiti inapoagiza. Kwa maneno mengine, kisa kilichoanza kama kosa la kibiashara kiliishia kwa kuandika bayana kwamba njia ya kuufikia mkoba wa msomaji ipo, na kwamba serikali inaweza kuitumia.

Tulinganishe na tukio la karibu nasi. Mwaka 1987 polisi wa Kenya waliikusanya riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Matigari, iliyoandikwa kwa Kikuyu, kutoka katika maduka ya vitabu. Lilikuwa tendo la ukandamizaji lisilo na utetezi. Hata hivyo liligonga ukuta: maduka yalijulikana yalipo, lakini nakala iliyokwisha kununuliwa ilikuwa imeingia katika nyumba isiyojulikana, chini ya godoro au nyuma ya kabati, na kila nakala ilihitaji msako wake. Dola ya mwaka 1987 ilihitaji magari, askari na muda. Kampuni ya mwaka 2009 haikuhitaji kumwamsha mtu yeyote. Tofauti hii haitokani na wema wa mmoja na ubaya wa mwingine. Inatokana na maana ya kununua. Mnunuzi wa Matigari alikuwa amenunua. Mnunuzi wa mwaka 2009 alikuwa amefanya jambo jingine lililoitwa kwa jina lilelile.

3.0 Kitenzi "Nunua" Mbele ya Sheria

Katika Kiswahili, nunua hudai mambo matatu: bei, mabadilishano, na ukomo wa mamlaka ya muuzaji. Sharti la tatu ndilo linalokitofautisha kitenzi hiki na jirani zake. Aliyenunua ng'ombe anaweza kumchinja, kumgawa au kumuuza. Aliyemuuza hana la kusema. Ambapo mamlaka ya mwenye mali hayakomi, lugha yetu ina vitenzi vingine vilivyopimwa kwa makini. Tunapanga nyumba. Tunakodi baiskeli. Tunaazima jembe na kulirudisha lilelile. Tunakopa unga na kurudisha unga mwingine. Kitu kinawekwa rehani au kinapokewa kama amana. Ni nadra kwa msemaji mzawa kuyachanganya maneno haya, kwa sababu kila moja linaeleza nani ana haki gani na hadi lini.

Filamu, wimbo au kitabu cha kidijitali kinachoambatana na kitufe cha "Nunua" mara nyingi hakitimizi sharti la tatu. Kinachotolewa ni leseni: ruhusa ya kusoma au kutazama, isiyoweza kuuzwa wala kurithishwa, inayoweza kuondolewa kwa masharti ambayo mtoaji anaweza kuyabadili. Hapa nunua limekuwa tasifida, na tasifida hii ina bei.

Bunge la jimbo la California lililitambua hilo. Sheria iliyotiwa saini Septemba 2024, na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2025, inamkataza mfanyabiashara kutumia kitenzi cha kununua, au neno lolote ambalo mtu wa kawaida angelielewa kuwa linahamisha umiliki, kwa bidhaa ya kidijitali inayotolewa kwa leseni, isipokuwa amweleze mteja waziwazi kwamba anapokea leseni au apate uthibitisho wa mteja kwamba amelielewa hilo. Bidhaa ambayo mteja anaweza kuipakua na kuihifadhi daima bila kutegemea mtandao haiguswi na katazo hilo. Kwa mwanaisimu, sheria hii ni ya kuvutia: ni nadra kwa bunge kutunga sheria kuhusu semantiki ya kitenzi kimoja.

Hata hivyo, isisifiwe kupita kiasi. Imetibu neno ikaliacha jambo. Mteja sasa anaambiwa kwamba hanunui, lakini hapewi njia ya kununua. Mwezi Februari 2025, wiki chache baada ya sheria hiyo kuanza, Amazon iliondoa uwezo wa mteja kupakua faili za vitabu vyake vya Kindle kwenye kompyuta na kuzihamisha kwa waya. Mtu anaweza kuambiwa ukweli wote na bado akabaki bila kitabu. Uaminifu wa lugha ni sharti la lazima la kulinda haki. Si sharti la kutosha.

4.0 "Kubali": Amri Inayoitwa Ridhaa

Vitufe vya violesura vya Kiswahili huandikwa kwa shina tupu la kitenzi: Futa, Hifadhi, Tafuta, Kubali. Katika Kiingereza, umbo tupu kama hilo laweza kusomwa kama jina la tendo au kama amri. Katika Kiswahili jina la tendo lina kiambishi ku-. Shina tupu lenye irabu -a, au lile la vitenzi vya mkopo kama kubali, ni amri. Basi tujiulize: nani anamwamuru nani?

Katika Futa na Hifadhi jibu ni rahisi. Mtumiaji anakiamuru kifaa, nacho kinatii. Kubali haliwezi kusomwa hivyo, kwa kuwa kifaa hakiwezi kukubali masharti kwa niaba ya mtumiaji. Anayeamuriwa ni mtumiaji mwenyewe. Vitufe vinafanana kwa rangi na umbo, lakini katika kimojawapo mwelekeo wa amri umegeuka. Wafasiri wanaoliona tatizo hili huandika Ninakubali, jambo ambalo linaleta ugumu wa aina nyingine: kampuni inatunga sentensi katika nafsi ya kwanza na kumwekea mtumiaji kinywani.

Ipo pia tofauti ya kimaana. Kukubali kwa Kiswahili kuna upana wa kutia shaka. Tunakubali mwaliko, lakini pia tunakubali kushindwa, na tunakubali yaishe. Neno linabeba kwa pamoja hiari na kusalimu amri. Ridhaa, ambalo linatokana na shina moja na radhi, ni jembamba zaidi: hudai moyo uliotulia baada ya kuelewa. Wazazi wa bibi arusi hawaulizwi iwapo wamebonyeza mahali. Huulizwa iwapo wameridhia, na wana nafasi ya kusema hapana pasipo kufungiwa mlango. Kiolesura kinapoomba Kubali na wakili wa kampuni akadai baadaye kwamba alipata ridhaa, pengo kati ya maneno hayo mawili ndimo haki ya mtumiaji inamopotelea.

5.0 "Huduma" na "Mhusika": Lugha ya Dola

Dola nayo ina msamiati wake. Mwaka 2019 Kenya ilianza kuwasajili watu kwa mfumo mmoja wa kitaifa ulioitwa Huduma Namba. Uteuzi wa jina unastahili uhakiki. Huduma ni kitu kinachotolewa. Anayekikataa huonekana mkaidi au asiyejua jema. Jina kama Sajili ya Alama za Mwili lingemchochea raia aulize maswali. Maswali hayo yaliulizwa mahakamani badala yake. Tarehe 30 Januari 2020 Mahakama Kuu iliona kwamba ukusanyaji wa DNA na wa vipimo vya setilaiti vya mahali mtu alipo haukuwa halali kikatiba, na ikataka kuwe na mfumo wa sheria wa kutosha kabla ya kuendelea. Oktoba 2021 mahakama hiyo ilibatilisha utoaji wa kadi kwa kuwa tathmini ya athari kwa ulinzi wa data, iliyotakiwa na sheria ya mwaka 2019, haikufanywa. Jina lilisema hupewi ila hisani. Mahakama ilisema kuna kitu unachotwaliwa.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ni hatua kubwa kwa kuwa inazungumza na raia kwa lugha yake. Humo mtu ambaye taarifa zinamhusu huitwa mhusika wa taarifa. Istilahi hii ni bora kuliko ile ya Kiingereza, ambayo hutumika pia kumwita raia aliye chini ya mfalme. Lakini msomaji wa fasihi hawezi kulisikia neno mhusika bila kumkumbuka yule anayesimuliwa na mtu mwingine, asiyejua sura inayofuata. Neno mwenye taarifa lingeeleza uhusiano tofauti: kwamba taarifa zina mwenyewe, na aliyezishika ameshikiwa.

Upande wa pili wa uwezo huu ulionekana Uganda tarehe 13 Januari 2021, mkesha wa uchaguzi mkuu, intaneti ilipofungwa kwa takriban siku tano. Kwa kawaida tendo hilo hujadiliwa kama suala la uhuru wa kujieleza, na ndivyo lilivyo. Ni suala la umiliki vilevile. Mwenye nakala aliendelea kusoma. Mwenye ruhusa ya kusomea mtandaoni alisubiri. Wahenga walionya tusiache mbachao kwa msala upitao.

6.0 Mapendekezo

Kwanza, wafasiri wa violesura walitumie neno nunua pale tu mtumiaji anapobaki na nakala ambayo muuzaji hawezi kuifuta. Kwa leseni ya muda, kodi linatosha na linaeleweka hata sokoni; kwa maktaba za kidijitali, azima. Pili, kitufe cha masharti kiandikwe Naridhia, na pembeni yake, kwa ukubwa uleule, Sikuridhia au Siridhii, vyote viwili vikiwa na matokeo ya kweli. Tatu, taarifa binafsi na faili zinazohifadhiwa na kampuni ziitwe amana. Neno hili lina wajibu ndani yake: mwenye kupokea amana haitumii, haikagui wala haimpi mwingine, na akifanya hivyo tunalo neno lake, amekhini.

Yumkini litatolewa pingamizi kwamba maneno hayaendeshi seva. Ni kweli. Lakini maneno huendesha mikataba, na mikataba husomwa mahakamani. Tangu mwaka 2021 Kiswahili kimekuwa lugha ya sheria na mahakama nchini Tanzania. Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliridhia kiwe lugha rasmi. Siku hakimu atakapoulizwa iwapo aliyebonyeza Nunua alinunua, atafungua kamusi. Ni jukumu la wanaisimu kuhakikisha anachokikuta humo si ufafanuzi ulioandikwa na muuzaji.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba kuvuka mipaka kwa kampuni na kwa dola hutanguliwa mara nyingi na neno lililokaa vizuri masikioni. Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya kutenganisha kilicho changu na nilichoazimwa; kina hazina ya dhana hizo iliyojengwa katika karne nyingi za biashara, rehani na wakfu. Kazi iliyobaki kwa wafasiri, watunga sheria na wakuza istilahi ni kuitumia hazina hiyo kabla vitufe havijaizoesha jamii maana nyingine. Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Anayeivaa ana haki, angalau, ya kuambiwa kwamba ameazimwa.