Fundi Asiyekimbilia Kuagiza

Kompyuta mpya ikiwashwa, feni zikazunguka, taa zikawaka, kisha monita ikabaki nyeusi, mwenyewe huwa na hukumu mkononi: madabodi imeungua. Hapa Isiolo hukumu hiyo ni ghali. Vipuri vingi hutoka Nairobi, mwendo wa kilomita 280 hivi, vikapita Nanyuki na baridi ya Timau kabla ya kuteremkia joto letu. Fundi wa Luthuli Avenue, kule Nairobi, huvuka barabara akaazima ramu kwa jirani ajaribu. Wa Isiolo mara nyingi hana wa kumwazima. Ana bisibisi na mashine isiyosema, kama mfugaji mbele ya ngamia anayeumwa asiyeweza kuonyesha panapomuuma.

Namsifu fundi huyo kwa sababu ukosefu wa vipuri umemfundisha kuthibitisha kwanza.

"Fundi, si nipige simu Nairobi waniletee nyingine?"

"Ngoja, mama. Hatujaiuliza bado."

Kuuliza kwake huanzia nje, kabla ya kugusa skurubu. Waya wa monita umechomekwa wapi? Palipo na kadi ya grafiki, picha hutokea kwenye kadi, si kwenye tundu la madabodi. Zipo prosesa, kama zile za Intel ambazo jina lake huishia na herufi F, zisizo na grafiki ndani kabisa. Ukichomeka kwenye madabodi utangoja hadi jioni. Kisha huangalia umeme. Ule waya mnene wa pini 24 kila mtu huuona. Prosesa ina waya wake, aghalabu wa pini 8, uliojificha pembeni juu, nao ukisahauliwa feni huzunguka vilevile. Hapo ndipo wengi hudanganyika: feni inayozunguka haithibitishi kwamba prosesa imepata umeme.

Halafu ramu. Hewa yetu ni kavu, na ukavu huzidisha umeme tuli, kwa hiyo hugusa kwanza chuma cha kasha. Nafasi mpya ni ngumu, na mwenye kuogopa kuvunja kitu hubonyeza nusu. Yeye hubonyeza hadi kishikizo kilie tak. Ramu zikiwa mbili kwenye madabodi ya nafasi nne, mara nyingi hukaa ya pili na ya nne kuanzia upande wa prosesa.

Ikikataa bado, huanza kupunguza, na hapa ndipo ufundi wenyewe ulipo. Hutoa madabodi kwenye kasha, akailaza juu ya boksi lake la karatasi, akabakiza prosesa na feni yake, ramu moja, na kadi ya grafiki ikiwa haina budi. Hugusanisha pini mbili za swichi kwa ncha ya bisibisi. Picha ikitokea, basi madabodi ilisingiziwa. Huenda kiguzo kimoja cha shaba ndani ya kasha kilifungwa pasipo na tundu, kikawa kinagusa mgongo wake. Baada ya hapo hurudisha kitu kimoja, akawasha, kisha kingine. Akibadilisha viwili pamoja, hatajua kipi kilichoponya.

Mashine nayo husaidia. Tangu IBM PC ya mwaka 1981, kompyuta hujikagua kabla ya kuonyesha chochote, na mlio mmoja mfupi ulimaanisha yote ni sawa. Madabodi nyingi za leo zina vitaa vinne: prosesa, ramu, grafiki na diski ya kuwashia. Kinachobaki kikiwaka huonyesha ukaguzi ulipokwama.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni kile ambamo hakuna kilichoharibika. Madabodi ya B450, ya mwaka 2018, ikipewa prosesa ya Ryzen 5000, iliyotoka 2020, inaweza kukaa kimya kwa sababu bayosi yake ya zamani, yaani programu ya kuiwashia mashine, haiitambui. Vyote viwili ni vizima. Baadhi ya madabodi hupokea bayosi mpya kwa flashi bila hata prosesa. Na mashine za ramu za DDR5 huweza kukaa gizani dakika kadhaa zinapowashwa mara ya kwanza, zikipima ramu zake. Anayekata stima kwa haraka huzirudisha mwanzo.

Fundi huyu akiagiza hatimaye, huagiza kitu kimoja, akataja modeli kamili na toleo la bayosi. Mzigo ukishuka kwenye basi, huwa ndio ule uliokuwa ukihitajika.